Tusiuamini mraba bila kuuliza kituo kiko wapi

Kazi yangu ni kukadiria maji ya Mto Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Kila modeli ninayoiendesha huanza na historia ya mvua iliyopangwa kwa miraba: ama CHIRPS, inayoanzia 1981, yenye miraba ya kilomita 5 hivi, ama CRU ya Chuo Kikuu cha East Anglia, inayorudi hadi 1901 kwa miraba ya kilomita 55 hivi.

Nazithamini data hizi. Bila hizo, mabonde mengi ya Afrika yasingekuwa na historia ya kufanyia kazi. Lakini Milima ya Uluguru, unakoanzia Ruvu, hunyeshewa zaidi upande wa mashariki, unaokabili Bahari ya Hindi, kuliko magharibi. Mraba wa kilomita 55 huzichanganya pande zote mbili ukatoa namba moja. Na pale CRU inapokosa kituo kilicho karibu vya kutosha, hujaza wastani wa 1961–1990. Hapo ukame wa kweli husomeka kama mwaka wa kawaida.

Nyuma ya miraba hii yuko mtu anayesoma kipimamvua saa tatu asubuhi na kuandika milimita daftarini. Alipwe kwa wakati. Madaftari ya zamani yaingizwe kwenye kompyuta kabla mchwa hawajayamaliza. Na kila ripoti ya bwawa au skimu ya umwagiliaji itaje vituo vilivyotumika na umbali wake kutoka eneo la mradi. Mradi usiotaja hayo usipewe fedha za umma.