Nguzo zimefika kijijini, umeme je?

Ukisikiliza hotuba za viongozi wa Tanzania siku hizi utaambiwa kuwa kazi ya kupeleka umeme katika vijiji vya Bara imekamilika. Vijiji vyote 12,318, wanasema, vimefikiwa. Hatuna sababu ya kuibeza kazi hiyo. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na ukaanza kazi mwaka 2007, wakati ambapo vijiji vingi vilikuwa havijui mwanga wa usiku zaidi ya kibatari na karabai. Anayestahili sifa apewe sifa yake.

Swali letu ni jingine: kufikiwa maana yake nini?

Kwa hesabu za serikali, kijiji huwa na umeme pale laini inapofika. Mara nyingi laini hiyo hupita kandokando ya barabara, ikaingia shuleni, zahanati, ofisi ya mtendaji na nyumba chache za jirani. Anayeishi ng'ambo ya bonde huziona taa za wenzake kwa mbali. Ndiyo maana serikali yenyewe ikaanza kuhesabu vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000, na hadi mwaka 2024 karibu nusu yake vilikuwa bado gizani. Ukishamaliza vitongoji, bado hujahesabu kaya.

Ada ya kuunganishiwa kijijini, shilingi 27,000, si kikwazo kikubwa. Kikwazo kimo ndani ya nyumba: nyaya, soketi, swichi na ujira wa fundi. REA iliona tatizo hilo ikaleta kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, kinachomwezesha mwenye nyumba ndogo kupata umeme bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Ni wazo zuri. Lakini hata aliyeunganishwa ana swali lake: ukikatika, utarudi lini?

Hapo tusidanganyane kwamba tatizo ni uhaba wa umeme. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024 na wa mwisho mwaka 2025. Hata hivyo, Aprili 2024 gridi ya taifa ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani. Na Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme unaosafirishwa kutoka kusini hupotea njiani. Kuzalisha ni jambo moja, kufikisha ni jingine.

Wazanzibari hawahitaji kufundishwa somo hili. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikuwa na nguzo, nyaya na mita, ila haikuwa na umeme, kwa kuwa ilitegemea waya mmoja wa chini ya bahari. Nafuu ya kudumu ilikuja waya mpya wa megawati 100 ulipoanza kazi mwaka 2013.

Kijijini hali ni ngumu zaidi, na sababu yake ni ya kihesabu. Mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Akitumia uniti 20 kwa mwezi, Tanesco inapata shilingi 2,000. Fedha hiyo haitoshi kukata miti inayogusa laini ndefu, kubadili nguzo iliyooza wala kumtuma fundi porini mvua ikinyesha. Shirika linalopata hasara kwa kila mteja mpya haliwezi kuwa na haraka ya kumrudishia umeme mteja huyo. Transfoma ikiungua, kijiji kinangoja. Wakati huo mama anajifungua kwa mwanga wa simu, na mwenye mashine ya kusaga anarudi kwenye dizeli.

Kupandisha bei ovyo si dawa, maana maskini atazima taa. Wala kushusha bei kwa amri si dawa. Mwaka 2020 serikali iliamuru kampuni binafsi zenye gridi ndogo, zikiwamo za visiwani Ziwa Victoria, ziuze kwa shilingi 100 kwa uniti. Kweli bei zao zilikuwa kubwa mno, lakini amri isiyoambatana na ruzuku humfukuza mwekezaji, na mwananchi akabaki pale pale.

Mfano wa kutazama uko Mufindi. Mradi wa maji wa Mwenga, wenye megawati 4, ulianza mwaka 2012. Unauza umeme kwa viwanda vya chai, kwa Tanesco na kwa vijiji jirani. Mteja mkubwa anambeba mdogo, na mafundi wako karibu. Laini inayokwenda kijijini iende pamoja na mkopo wa mashine za kusaga, barafu ya samaki, pampu za maji na majokofu ya maziwa. Umeme unaozalisha kipato hujilipia wenyewe.

Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam, wakaahidi pamoja na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Tunaipokea ahadi hiyo kwa sharti moja: isipimwe kwa nguzo. Kila wilaya itangaze hadharani umeme ulikatika saa ngapi kwa mwezi, na transfoma iliyoungua ilikaa siku ngapi.

Sisi tulio ughaibuni tunahusika. Fedha tunazotuma ndizo zinazonunua mita, friji na pampu, kisha jenereta la kuziokoa. Tunapokutana na mawaziri wanaokuja kutuhimiza tuwekeze nyumbani, tusiwaulize ni vijiji vingapi vimefikiwa. Tuwaulize ni saa ngapi taa zimewaka.