Mionzi Haizimwi kwa Moto

Sisi askari tumezoea hatari inayojitangaza: moshi, mlio wa bunduki, harufu ya petroli. Iko hatari nyingine isiyo na harufu wala kishindo, nayo hudai maarifa kabla ya ushujaa.

Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia, nchini Brazili, watu wawili walichukua chombo cha kutibia saratani kilichoachwa katika zahanati iliyohamwa. Kiliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu-137, uliong'aa kibuluu gizani. Watu waliustaajabia, wakagawiana na jamaa zao. Wanne walifariki, mmoja wao mtoto wa miaka 6. Watu wapatao 112,000 walipimwa, na 249 walikutwa na uchafu wa mionzi.

Yafaa tuelewe sababu. Unga ule, kwa tabia yake ya kikemia, ulikuwa chumvi, ukiyeyuka majini na kushika ngozini upesi. Kuni kuungua, chuma kupata kutu na baruti kulipuka ni mabadiliko ya kikemia: atomu huungana na kuachana kwa elektroni zake za nje, viini vikabaki vilevile. Mionzi hutoka ndani ya kiini chenyewe. Kwa hiyo sesiamu ile ukiichoma au ukiimwagia tindikali, mionzi haipungui hata kidogo. Moto huipeperusha, maji huieneza. Hupungua kwa saa yake yenyewe, nusu kila miaka 30. Mwaka 2017 nusu ya ile ya Goiânia ilikuwa ingali ipo.

Mwezi Januari 2023 kidonge cha sesiamu hiyo hiyo, chenye urefu wa milimita 8, kilipotea Australia Magharibi katika safari ya kilomita 1,400. Huko wahusika walijua wanachokitafuta. Wananchi walionywa wasikisogelee, vipima mionzi vikapitishwa barabarani, na tarehe 1 Februari kikapatikana.

Basi askari akikuta, katika vyuma chakavu au mizigo iliyokamatwa, chombo kizito chenye alama ya majani matatu meusi juu ya rangi ya manjano, asikifungue, asikichome, asikioshe. Arudi nyuma, awaondoe raia, aweke ulinzi kwa mbali na kutoa taarifa kwa wakubwa wake. Adui huyu hashindwi kwa moto. Hushindwa kwa umbali, kwa kinga nzito, na kwa kutokaa karibu naye.