Msiisingizie Wii Sports

Miongoni mwa mashabiki wa gemu za video kuna imani iliyoota mizizi kiasi kwamba anayeihoji huonekana hajui mambo. Imani yenyewe ni kwamba gemu nyepesi, zile za kurusha tufe la bolingi sebuleni, kucheza dansi mbele ya televisheni au kufuga mbwa wa kwenye skrini, ndizo zilizowanyang'anya wachezaji wa kweli haki yao. Eti kampuni zikishaonja pesa za mabibi na watoto huwapa kisogo mashabiki waliozibeba tangu mwanzo. Gemu nzito zenye hadithi ndefu hubaki Japani bila kutafsiriwa. Na mhakiki anayeipa gemu ya dansi alama nzuri amewasaliti wenzake. Hoja hii huibuka upya kila mashine mpya inapoingia sokoni. Haina ukweli, na kesi ambayo mashabiki hupenda kuitoa kama ushahidi ndiyo inayoivunja.

Kesi yenyewe ni ya Wii. Nintendo ilianza kuiuza mashine hiyo Marekani Novemba 19, 2006, kwa dola 250, na ndani ya boksi ikaweka Wii Sports, gemu yenye ile bolingi inayochezwa kwa kutikisa rimoti, bila malipo ya ziada. Mashine iliyoitangulia, GameCube, ilikuwa imeuzwa kiasi cha milioni 21 na nusu tu. Wii ikapita milioni 100. Kisha, Juni 2010, Japani ikapata Xenoblade Chronicles, gemu ya safari ndefu ya studio Monolith Soft, na mwaka uliofuata zikatoka The Last Story na Pandora's Tower kwenye mashine hiyohiyo. Ulaya iliahidiwa zote tatu. Marekani haikuahidiwa hata moja: Juni 2011 ofisi ya Nintendo ya huko ilitamka kwamba haina mpango wa kuzileta. Mashabiki wakaanzisha kampeni iliyoitwa Operation Rainfall, wakaandika barua, na wakaiagiza Xenoblade kabla haijatoka, kwa jina lake la awali la Monado, hadi ikapanda kileleni mwa orodha ya gemu zilizoagizwa Amazon. Desemba ofisi ikalegea. Aprili 2012 gemu ikauzwa, ingawa ni katika maduka ya GameStop na duka la Nintendo lenyewe tu. Tangu hapo simulizi limekuwa moja: wakubwa walilewa pesa za Wii Sports wakawasahau wenye mchezo.

Tuanze na swali ambalo simulizi hilo hulikwepa. Nani aliilipia Xenoblade? Nintendo iliinunua Monolith Soft kutoka Namco Bandai mwaka 2007, Wii ikiwa inagombaniwa madukani. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009, Nintendo ilipata faida ya uendeshaji ya zaidi ya yeni bilioni 550, na sehemu kubwa ya pesa hizo ilitoka kwa watu ambao shabiki mkongwe asingekubali kuwaita wachezaji. Sasa tazama kilichotokea ndani ya studio. Kazi ya Xenoblade ilipochelewa, Tetsuya Takahashi, aliyeiongoza, alipendekeza baadhi ya mambo yapunguzwe ili gemu itoke kwa wakati. Hitoshi Yamagami wa Nintendo alikataa, akawashawishi wakurugenzi wa kampuni waongeze muda ili gemu ikamilike kama ilivyokusudiwa. Kampuni yenye njaa haifanyi hivyo. Aliyetikisa rimoti mbele ya bolingi ndiye aliyewanunulia Takahashi na watu wake muda wa kuumaliza ulimwengu wao, naye hajui, wala hakudai shukrani.

Wapo watakaosema: sawa, pesa zilitoka huko, lakini kwa nini basi gemu isivuke bahari? Jibu ni kwamba gemu za aina hii zilikuwa zikikwama bandarini miaka mingi kabla ya Wii kuwazwa. Final Fantasy V ilitoka Japani mwaka 1992 na Wamarekani wakaipata rasmi 1999. Seiken Densetsu 3 ya mwaka 1995 ilisubiri toleo rasmi la Kiingereza hadi 2019. Mother 3, iliyotoka Japani Aprili 2006, miezi saba kabla ya mtu wa kwanza kurusha tufe la Wii Sports, haijauzwa rasmi kwa Kiingereza mpaka leo. Kama gemu nyepesi ndiyo iliyofunga mlango, nani aliufunga mwaka 1992?

Mlango ulifungwa na hesabu za tafsiri. Gemu kama Xenoblade ina mazungumzo ya kujaza vitabu, pamoja na mamia ya kazi ndogondogo ambazo wanavijiji humpa mchezaji, kila moja na maneno yake. Watafsiri hukaa miezi, wahariri hupitia nyuma yao, waigizaji wa sauti huingia studio, gemu nzima huchezwa tena kutafuta makosa, kisha hupangiwa rika na kuchapishiwa maboksi. Gharama hizo zote hulipwa kabla nakala ya kwanza haijauzwa. Mhasibu huuliza swali moja tu: zitauzwa nakala ngapi? Katika daftari lake Wii Sports haina safu. Ingekuwepo isingekuwepo, makadirio ya mauzo ya Xenoblade Marekani yangekuwa yaleyale.

Kwa Xenoblade, hata hivyo, hesabu hizo nazo hazitoshi kuitetea ofisi ya Marekani, na hapa ndipo hasira ya mashabiki ingefaa kuelekezwa. Tafsiri ya Kiingereza ilikuwa tayari ipo. Nintendo ya Ulaya ilikwisha kuilipia, ikarekodi sauti za waigizaji wa Uingereza, na ikaiuza gemu kuanzia Agosti 19, 2011. Toleo la Marekani lililokuja baadaye lilitumia sauti hizohizo. Shujaa wake, Shulk, anazungumza kama kijana wa Kiingereza hata ukimchezea Chicago. Kwa zaidi ya miezi saba, basi, diski ya Kiingereza kamili ilikuwa inauzwa madukani London, na Mmarekani aliyekuwa tayari kulipia nauli ya posta angeweza kuiagiza. Asingeweza kuicheza. Wii ya Marekani ilitengenezwa iikatae diski ya Ulaya: unaichomeka, mashine inakwambia haiwezi kuisoma. Kufuli hilo la kikanda halikuwekwa kwa ajili ya bibi anayecheza bolingi. Liliwekwa kulinda mipaka ya ofisi za kampuni moja, kila ofisi na bei zake na ratiba zake. Mashabiki wengi walililalamikia, ni kweli, lakini kama jambo la pembeni, wakati ndilo lililokuwa kiini. Bila kufuli hilo kampeni isingehitajika.

Tuje kwenye uhakiki, kwa kuwa alama ndizo silaha inayotumika zaidi katika ugomvi huu. Metacritic, mtandao unaokusanya alama za wahakiki, unaonyesha Wii Sports ilipata 76 kwa 100, Wii Play 58, na Just Dance ya Ubisoft ya mwaka 2009 ikaambulia 49. Xenoblade ilipata 92. Shabiki hupanga namba hizo kwenye mstari mmoja kisha hutangaza kwamba umma hauna ladha, maana Wii Play iliuzwa nakala milioni 28. Hasemi kwamba Wii Play iliuzwa Marekani kwa dola 50 pamoja na rimoti, na rimoti peke yake ilikuwa dola 40. Watu walihitaji rimoti ya pili ili mgeni naye acheze, wakaongeza dola 10 wakapata na gemu. Umma huo haukukosa ladha, ulipiga hesabu.

Na hiyo 49 ya Just Dance ilipima nini? Wahakiki walilalamika kwamba mashine haioni miguu wala kiuno. Husoma tu mwendo wa rimoti iliyo mkononi, kwa hiyo mtu anaweza kukaa kwenye kochi, akapunga mkono, akapata pointi. Ni kweli tupu. Ni kweli pia kwamba haimhusu mtu aliyeinunua gemu ili watu wanne wacheke sebuleni. Mhakiki aliipima kama mashindano, wanunuzi waliichukua kama karamu, na Ubisoft iliendelea kutoa matoleo ya Just Dance kwa Wii hadi mwaka 2019, miaka kumi baadaye, mashine yenyewe ikiwa imekwisha kuwa kongwe. Anayeihakiki gemu ya karamu akiwa peke yake chumbani anaandika kuhusu upweke wake. Vivyo hivyo, anayempa Xenoblade mtu mwenye nusu saa kwa siku, kisha akashangaa ameichoka, naye amekosea mnunuzi. Alama moja haiwezi kuwahudumia wote wawili. Kudai kwamba mhakiki aishushe gemu nyepesi ili gemu nzito ionekane ndefu ni kumwomba aseme uongo. (Afrika Mashariki yote imewahi kumchezea nyoka wa Nokia kwenye foleni, wala sikumbuki mtu aliyeuliza alama zake.)

Pingamizi lenye uzito ni lile la takataka. Hakuna anayeweza kukataa kwamba baada ya Wii kuvuma, wachapishaji wengi walijaza rafu gemu za haraka zilizoungwaungwa kwa wiki chache. Lakini PlayStation 2 ilikuwa na lundo lake la takataka, na hakuna aliyesema lundo hilo liliua gemu nzito. Swali ni kama gemu nzito zilipoletwa, waliozidai walizinunua. Capcom iliileta Zack & Wiki mwaka 2007, wahakiki wakaisifu, haikununuliwa. Sega ilileta MadWorld mwaka 2009, gemu ya damu na misumeno iliyotengenezwa mahsusi kwa waliolalamika kwamba Wii ni ya watoto, nayo haikununuliwa. Okami, iliyosifiwa kama kazi ya sanaa, iliuzwa vibaya kwenye PlayStation 2, na Capcom ilitangaza kuifunga studio iliyoitengeneza Oktoba 2006, mwezi mmoja kabla Wii haijaingia dukani. Wakati huohuo Resident Evil 4, gemu nzito isiyo na huruma, iliuzwa zaidi ya nakala milioni mbili kwenye Wii. Bibi wa bolingi hakuizuia. Mchapishaji anayetazama orodha hiyo hajifunzi kwamba wachezaji wakongwe hawapo. Anajifunza kwamba wana kelele nyingi kuliko risiti.

Je, Operation Rainfall haikuthibitisha kwamba ofisi ya Marekani ilikuwa na makosa? Ilithibitisha. Ilionyesha pia ni makosa ya namna gani: makadirio ya woga, yaliyobadilika mashabiki walipoagiza gemu kwa pesa zao badala ya kutukana gemu za wengine. Hakuna hata nakala moja ya Wii Fit, gemu nyepesi ya mazoezi, iliyoondolewa rafuni ili Xenoblade ipate nafasi. Wanaoendelea kudai kwamba soko ni chano kimoja cha pilau, mgeni akiongezeka mwenyeji analala njaa, watueleze kilichotokea kwenye Switch, mashine ambayo Nintendo iliitoa mwaka 2017 bila kufuli la kikanda. Xenoblade Chronicles 3 ilitoka Julai 29, 2022, siku moja Japani, Ulaya na Marekani. Miezi mitatu kamili kabla yake, kwenye mashine hiyohiyo, ilikuwa imetoka Nintendo Switch Sports, yenye bolingi yake palepale.