Maumivu Yasifichwe kwa Haya
Mwanamke afikapo umri wa miaka 45 hadi 55, kwa kawaida hedhi hukoma. Ovari hupunguza mno homoni ya estrojeni, na ngozi ya ndani ya uke huwa nyembamba, kavu na yenye kuuma. Estrojeni itiwayo ukeni huitengeneza ngozi hiyo. Hata hivyo, baadhi ya watumiaji hupatwa na maumivu ya nyonga. Chanzo chaweza kuwa dawa yenyewe, ama ugonjwa mwingine. Kuyaficha, au kuiacha dawa kimyakimya, ni makosa: daktari na aelezwe, apate kupunguza kiasi au kubadili dawa. Damu ikitoka, uchunguzi usicheleweshwe. Somo la biolojia lifundishalo kubalehe halina budi kufundisha na kukoma hedhi, ili haya isizuie tiba.