Si Kila Bonde la Mirihi Ni Kazi ya Mvua

Wadau, hebu tuongee ukweli. Kila mtu akiposti picha ya mabonde ya sayari ya Mirihi, maneno ni yale yale: "Zamani mvua ilikuwa inanyesha huku!" Hata mimi nimewahi kusema hivyo, tena kwa kujiamini kabisa. Sasa naona tulikimbilia jibu.

Maji yalipita, hiyo sibishani. Picha za chombo cha Mariner 9 za mwaka 1972 zilionyesha mabonde yaliyotawanyika kama matawi ya mti, na mengi yana zaidi ya miaka bilioni 3.5. Swali ni maji yenyewe yalitoka wapi. Enzi hizo jua lilikuwa hafifu, mwanga wake kama robo tatu tu ya leo, na Mirihi iko mbali nalo kutushinda. Mvua ya kujaza mito kwenye baridi hiyo? Mmh.

Mwaka 2020 Anna Grau Galofre na wenzake walipima vipande vya mabonde zaidi ya 10,000, wakaona mengine yanafanana na yale ya kisiwa cha Devon, kaskazini kabisa mwa Kanada. Huko, mabonde yalichimbwa na maji yaliyoyeyuka chini ya barafu nene. Na hapa ndipo nilishikwa: barafu inayakandamiza maji mpaka yanaweza kupanda mlima! Mto wa kawaida, wapi. Kwa hivyo sakafu ya bonde ikipanda na kushuka, mvua haina kesi hapo.

Halafu sisi Wakenya ndio tungekuwa wa kwanza kuuliza. Bonde la Ufa si mto uliolichimba, ardhi ilipasuka ikadidimia.

Lakini pia msinigeuze shabiki wa barafu. Utafiti huo huo ulipata mabonde ya mito ya kawaida, na pale Jezero, ambapo Perseverance ilitua Februari 2021, kuna delta. Delta inataka mto uingie ziwani.

Mbona nasumbuka? Kwa sababu tunatafuta dalili za uhai wa kale. Maji yaliyofunikwa na barafu yalikingwa na mionzi, ya juu hayakuwa na kinga hiyo. Ukikosea chanzo, unaweza kuchimba pahali pasipofaa.

Haya, wewe ni timu mvua ama timu barafu? Ukisema zote mbili, niambie bonde gani ni la nani.