Ndama Hana Alama

Mwezi Julai mwaka 1996 nilisafiri na baba yangu mzazi kwenda Kanada kumtembelea mdogo wangu aliyekuwa akifanya kazi Calgary, mji mkubwa wa jimbo la Alberta. Baba alikuwa na miaka sabini na minne, mfugaji wa Kisukuma asiyepata kupanda ndege hata siku moja. Leo nami nimeufikia umri huo, na nina deni kwake ambalo sasa nalilipa kwa kalamu.

Mdogo wangu alitupeleka kwenye Calgary Stampede. Ndugu msomaji, hilo ni tamasha la siku kumi, lililoanzishwa mwaka 1912 na Guy Weadick, na tangu mwaka 1923 limekuwa likiunganishwa na maonyesho ya kilimo. Mji mzima huvaa kofia pana na viatu virefu, mabenki na maduka yakapambwa kwa marobota ya majani makavu. Baba alifurahi. Alisema hajapata kuona wazungu wengi namna ile wakijifanya wachunga ng'ombe.

Kwanza tuliona watu wakipanda mafahali. Mpandaji hushika kamba kwa mkono mmoja, naye hutakiwa asianguke kwa sekunde nane. Baba aliinuka kitini akashangilia. Nilimweleza kwamba waamuzi humpa mpandaji nusu ya alama na fahali nusu, jumla yake mia. Akasema, "Hapo sawa. Fahali naye anahesabiwa."

Kisha wakaleta ndama. Ndama hufunguliwa akakimbia, mtu aliye juu ya farasi akamfuata na kumtupia kitanzi shingoni. Farasi husimama ghafla, kamba ikakaza, ndama akarudishwa nyuma. Mtu huruka chini, akambwaga na kumfunga miguu mitatu. Ndama akikaa amefungwa kwa sekunde sita, kazi imekubaliwa. Mshindi ni mwenye muda mfupi kuliko wenzake.

Watu walipiga makofi. Nami, mwalimu mkuu mzima, nikapiga. Baba hakupiga. Aliniinamia akauliza, "Mwanangu, ndama yule anaumwa nini?"

Nikamjibu, "Haumwi, baba. Ni mchezo."

Hakusema tena. Usiku mdogo wangu alimtania kwamba amechoka kwa uzee, nami nikacheka pamoja naye. Hilo ndilo deni langu.

Baba aliuliza swali la mtu aliyejua kazi. Maishani mwake aliangusha ndama wengi: wa kutibiwa, wa kupigwa chapa, wa kutolewa mwiba. Kwake kumwangusha mnyama kulikuwa na sababu, na sababu ikiisha kamba hufunguliwa. Pale uwanjani aliitafuta sababu hiyo asiione, maana haikuwapo. Kulikuwa na saa tu.

Watetezi wa mchezo huo wana hoja zao, nami sitazidharau. Wanasema ni mila, iliyotokana na kazi halisi ya malishoni. Ni kweli. Tena si mila ya wazungu peke yao: Bill Pickett, mtu mweusi wa Texas, ndiye anayesifiwa kwa kuanzisha mchezo wa kumwangusha ng'ombe kwa kumshika pembe, na mwaka 1912 pale pale Calgary, Tom Three Persons wa kabila la Kainai alishinda mashindano ya kupanda farasi wakali. Lakini kazi ikishaondolewa haja yake, kinachobaki ni maumivu yake tu. Mila ya kutibu haiwi mila ya kutesa kwa kuwa kamba ni ile ile.

Wanasema pia kwamba tunawala ng'ombe hao hao, kwa hiyo tusijifanye wenye huruma. Baba alichinja, tena mara nyingi. Alinoa kisu mapema, akamaliza haraka, wala hakualika watu waje kucheka. Kula nyama hakumpi mtu ruhusa ya kuichezea ingali hai.

Hoja ya tatu ni kwamba bila mchezo huo tamasha litakufa. Haya ni maneno matupu. Uingereza ilipitisha mwaka 1934 sheria iliyozuia michezo ya namna hiyo. Kanada yenyewe, mashindano ya Cloverdale yaliacha mchezo wa ndama mwaka 2007 pamoja na mingine mitatu, na yakaendelea. Lakini mashindano mengi makubwa bado yanaung'ang'ania.

Nilisahihisha mitihani maisha yangu yote, nami najua kwamba mtu asiyepewa alama hayumo darasani. Fahali ana alama, maana ni mshindani. Ndama hana alama hata moja. Yeye ni ubao tu wa kuandikia ushindi wa mwingine. Mchezo ambao mmoja wa wachezaji wake hawezi kushinda si mchezo.

Wala tusijisifu sisi wa huku. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini punda bado anachapwa kwa mzigo uliomshinda, na ng'ombe wanasafirishwa mnadani wamebanana kama kuni. Nyani haoni kundule. Swali la baba linatuhusu nasi: anaumwa nini? Kama haumwi, fimbo hiyo ya nini?

Baba alifariki mwaka 2003. Sikuwahi kumwambia kwamba yeye ndiye aliyeona sawa, nami niliyesoma ndiye niliyepiga makofi. Namwambia leo, nikijua nimechelewa. Na wewe msomaji, siku umati utakapopiga makofi, tazama kwanza aliyeko chini ya kamba.