Ziwa Tshangalele na Mnana Wake

Wengi wetu hapa Lubumbashi twamjua samaki wa Kapolowe kuliko tulijuavyo ziwa atokamo. Twamkuta sokoni, twauliza bei, twamtia kikapuni, basi. Leo twapenda kusema habari za maji yenyewe.

Ziwa Tshangalele si kubwa kama Mweru wala Tanganyika. Liko mashariki ya Likasi, katika nyanda zetu za juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ng'ambo yake, upande wa macheo, wainuka uwanda mrefu wa Kundelungu. Mwanafunzi akilitafuta katika ramani ya miaka mia na zaidi iliyopita hataliona, kwa maana halikuwapo. Palikuwa na mto Lufira tu, ukipita polepole katika bonde pana lenye matete, kisha ukianguka kwa kishindo mahali ambapo Wabelgiji walipaita maporomoko ya Cornet. Hapo, kwa ajili ya viwanda vya shaba vya Union Minière, ulijengwa ukuta wa kuzuia mto, na mwaka 1930 mitambo ya Mwadingusha ikaanza kutoa umeme. Maji yakarudi nyuma, bonde likafunikwa.

Kina chake ni kidogo, mahali pengi mita chache tu. Kwa hiyo majani ya majini huota kwa wingi, tilapia na kambale hupata chakula, na ndege wa majini huja kwa makundi.

Miongoni mwa ndege hao yuko mmoja mdogo astahiliye habari ndefu. Ni mnana, wa jamaa ya wale wenye rangi ya manjano wafumao viota vyao kwa majani. Dume lake lina uso mweusi kana kwamba amevaa barakoa. Mwaka 1960 mtaalamu Mbelgiji, Ruwet, alimpata ziwani hapa. Alidhaniwa kuwa wa aina ijulikanayo tayari. Mwaka 1982 ndipo Louette na Benson walipoonyesha kwamba ni aina ya peke yake, wakampa jina la Ruwet. Mwaka huohuo UNESCO iliitia Lufira katika orodha ya hifadhi zake. Lakini ndege mwenyewe hakuonekana tena na wataalamu mpaka mwaka 2009, alipokutwa akijenga viota. Wavuvi, twadhani, walikuwa wakimwona kila siku, hakuna aliyewauliza.

Ndege haumbwi kwa miaka thelathini. Bila shaka aliishi katika matete ya Lufira kabla ya ukuta, naye ameonekana penginepo katika bonde hilo. Nje ya bonde, dunia nzima, hajulikani.

Tena bonde hilo hupokea maji ya mto Panda, utokao Likasi kwenye viwanda na taka za migodi. Wataalamu waliopima matope na samaki wa ziwa wamekuta ndani yake shaba na kobalti. Mama anunuaye samaki hawezi kuyaona madini hayo kwa macho, wala mvuvi hana ziwa jingine la kutupia nyavu. Mnana naye, mvua zinyeshapo, hufuma kiota chake kando ya maji hayohayo.